Barua ya wazi: Miezi 16 ambayo binti wa mfugaji hana shule wala bajeti

KWA:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Mkurugenzi Mtendaji, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu;
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Longido, Monduli, Ngorongoro, Simanjiro, Kiteto, Hanang' na Mbulu.

YAH: MSAADA WA ELIMU KWA MABINTI WA JAMII ZA WAFUGAJI KATIKA MIEZI YA KUVUKA NGAZI

Waheshimiwa Mawaziri, Ndugu Wakurugenzi,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni walimu wa sekondari, walezi wa hosteli na maafisa maendeleo ya jamii tunaofanya kazi na mabinti wa wafugaji wa Kimaasai na Kibarabaig, pamoja na majirani zao Wahadzabe, ambao ni wawindaji. Tunaandika kuhusu jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wenu, halihitaji sheria mpya, na gharama yake tunaweza kuionyesha hapa hapa kwa hesabu.

Mpango wa elimu bila ada ulianza Januari 2016 kwa darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na Julai 2022 ada ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Tumeona matunda yake. Madarasa ya kidato cha kwanza katika kata za wafugaji yamejaa mabinti ambao mama zao hawakuwahi kushika kalamu. Ila tukiwafuatilia mabinti hao mmoja mmoja hadi kwenye kazi, hadi kwenye sare ya muuguzi, ofisi ya mifugo au ubao wa darasani, idadi inapungua kwa namna ileile kila mwaka, na inapungua katika miezi ileile. Wengi hawaachi shule katikati ya muhula. Wanapotea katika miezi ambayo shule kwao imefungwa.

Tazameni kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari: miezi minne. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai: miezi saba. Kidato cha sita humaliza Mei, na chuo kikuu hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba: miezi mitano, hata kama sehemu yake ataitumia kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Jumla ni miezi 16 hivi. Katika miezi hiyo binti hajaacha shule, lakini hayumo katika daftari la mahudhurio la shule yoyote. Ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwaka inayotolewa kwa kila mwanafunzi wa sekondari haimhusu. Fedha ya chakula cha bweni haimhusu. Mwalimu mkuu hana wajibu wa kumtafuta, na mtendaji wa kata hana orodha yenye jina lake.

Baba yake anayo hesabu yake. Posa ilikuja zamani, pengine mahari imeanza kupokelewa, na kilichokuwa kikimzuia ni shule. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na sheria hiyo inajulikana hadi kwenye maboma ya mbali. Ndiyo maana harusi hupangwa binti akishamaliza mtihani. Ukimuuliza mzazi, jibu lake ni neno moja: amemaliza. Desemba nayo ndiyo msimu wa tohara ya wasichana, yaani ukeketaji, na binti aliyemaliza darasa la saba Septemba yuko nyumbani, hana cha kumtoa huko.

Tunaanza na pengo la Novemba hadi Julai kwa sababu ndilo refu, na ndilo linaloamua kazi ya mtu.

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Baada ya hapo dirisha la Selform, fomu ya machaguo ya mtandaoni, hufunguliwa ili mhitimu aangalie au abadilishe machaguo yake ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo. Machaguo ya kwanza aliyajaza akiwa shuleni kabla ya kujua atapata nini, na mara nyingi aliyajaza kwa kuiga wenzake. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimefika 65. Mzazi wa mjini hukaa na mwanawe mbele ya simu janja wakapanga. Binti wa Terrat au Yaeda Chini yuko bomani, simu iliyopo ni kitochi cha baba, na mtandao unapatikana juu ya kilima. Dirisha linafungwa machaguo yakiwa vilevile. Mwenye alama nzuri za Baiolojia na Kemia anapangiwa tahasusi ya lugha katika shule ya mkoa wa mbali, familia inaona nauli, na safari inaishia hapo.

Tunachopendekeza ni hosteli moja katika kila wilaya ya wafugaji ibaki wazi kuanzia Desemba mosi hadi Juni 30 kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha nne walio hatarini kuozwa. Orodha iandaliwe Septemba, mabinti wakiwa bado darasani, na watu watatu wanaowafahamu: mwalimu wa ushauri na unasihi, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa kiwango cha chakula cha bweni cha shilingi 1,500 kwa siku kilichowekwa mpango wa elimu bila ada ulipoanza, siku 212 ni shilingi 318,000 kwa binti mmoja. Wakiwa 40, ni shilingi 12,720,000. Darasa moja lililojengwa kwa fedha za UVIKO-19 liligharimu milioni 20. Tunajua 1,500 ni kidogo kwa bei za leo, lakini hata mkiiongeza kwa nusu, bado hamjafika bei ya darasa moja.

Kambi hiyo isiwe mahali pa kujificha tu. Kuna kazi nne za kufanywa pale, na kila moja ina mwezi wake. Desemba na Januari, vyeti vya kuzaliwa na usahihishaji wa majina. Februari hadi mwisho wa dirisha, Selform, kila binti akikaa na mwalimu na karatasi yake ya matokeo. Kuanzia hapo, Kiingereza na kompyuta, kwa sababu binti huyu alikua akizungumza Kimaa au Kidatoga (lugha ya Wabarabaig), akakutana na Kiswahili darasa la kwanza na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kidato cha kwanza, na kidato cha tano hakimsubiri. Mei na Juni, maombi ya vyuo vya kati kwa wasioendelea na kidato cha tano, maana wengi wetu tunasahau kwamba kidato cha nne ni lango la kazi pia, wala si njia ya kidato cha tano peke yake.

Kuhusu majina inabidi tuseme kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo mabinti waliovuka kila kizuizi kingine wanapokwama, na kosa lenyewe hufanywa na sisi walimu na watendaji siku ya kwanza kabisa.

Chukueni mfano wa binti anayeitwa Naserian kwao. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza aliletwa na kaka yake, si baba. Mwalimu aliona jina ni gumu akamwandika Neema. Jina la pili aliulizwa kaka, akataja jina lake mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa haikujulikana, ikaandikwa Januari mosi ya mwaka wa kukadiria. Taarifa hizo zikaingia kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, zikamfuata hadi cheti cha kidato cha nne. Miaka kumi na moja baadaye anakwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, kuomba cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho cha taifa cha baba kinasema kingine, kadi ya kliniki ya mama inasema Naserian, cheti cha shule kinasema Neema mwenye jina la kaka. Ofisa wa RITA hana kosa akimrudisha. Akipata cheti chenye jina la kwao, Bodi ya Mikopo itaona majina mawili tofauti, na uhakiki utagoma. Akitaka kurekebisha, anahitaji kiapo au hati ya kubadili jina, wakili, na nauli ya kwenda mjini zaidi ya mara moja, wakati dirisha la maombi linahesabu siku.

Dawa yake ni rahisi na inapaswa kutolewa darasa la nne, kabla majina hayajakomaa kwenye mifumo. TAMISEMI ielekeze kila shule ya msingi katika wilaya hizi ifanye uhakiki wa majina wa siku moja: mzazi au mlezi aje na kitambulisho chake na kadi ya kliniki, jina litakaloingia PREM liwe lile litakaloandikwa na RITA, na RITA wawepo hapo hapo wakisajili. Kumsajili mtoto kijijini, mwenyekiti na mama wakiwa wamesimama mbele ya meza, ni kazi ya dakika. Kumsajili akiwa na miaka 19 na shahidi wake amehamia Kilindi na mifugo ni kazi ya miezi.

Tukiwa bado kwenye makaratasi, tuzungumze na Bodi ya Mikopo.

Ndugu Mkurugenzi, fomu yenu inadai saini ya serikali ya kijiji, ya kamishna wa viapo (hakimu au wakili), na ya mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa. Inadai pia ada ya maombi ya shilingi 30,000. Kila kitu hapo kina sababu, hatupingi. Lakini hakimu wa karibu anaweza kuwa kilomita 80 kutoka kijijini, basi likiwa moja kwa siku au mawili kwa wiki, na dirisha la maombi huwa wazi wakati mwombaji mwenyewe yuko JKT. Familia iliyohamia malisho ya kiangazi haipatikani kusaini. Tunaomba maofisa wa Bodi waende makao makuu ya kila wilaya ya wafugaji kwa siku tatu ndani ya dirisha, pamoja na hakimu na ofisa wa RITA, na tarehe itangazwe mnadani na misikitini na makanisani mwezi mmoja kabla. Mnadani hasa, kwa sababu baba hupatikana huko hata kama boma limehama.

Kuna jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Binti aliyesomeshwa na mfadhili katika sekondari binafsi huonekana kwenye mfumo kama mtoto wa familia yenye uwezo, mpaka alete barua ya mfadhili kuthibitisha. Mfadhili mara nyingi ni parokia, shirika dogo lililokwisha fungwa, au mgeni aliyerudi kwao Ulaya. Barua haipatikani, na binti wa familia isiyo na ng'ombe hata mmoja anapewa asilimia ndogo au anakosa kabisa. Tunaomba pale mfadhili asipopatikana, barua ya mkuu wa shule aliyosoma ikiambatana na namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) ikubaliwe badala yake. Kwa upande wetu tunawaambia wafadhili wote: toeni barua hiyo siku binti anapomaliza kidato cha nne, msingoje aombe.

Halafu kuna wiki za kwanza chuoni. Fedha ya kujikimu haiingii siku ya kuripoti. Mwanafunzi lazima asajiliwe, asaini kwa alama za vidole, orodha irudi, ndipo malipo yatoke. Mwenye ndugu Dar es Salaam au Dodoma hulala kwa shangazi. Aliyetoka Emboreet hana shangazi mjini. Halmashauri ikimkopesha au kumpa shilingi 200,000 za nauli na chakula cha mwezi mmoja, anavuka. Tumeshuhudia nafasi za chuo zilizopiganiwa miaka 13 zikipotea kwa kukosa kiasi kisichofikia bei ya mbuzi watano.

Stashahada nazo zina nafasi yake. Mikopo ya ngazi hiyo iliyoanza mwaka wa masomo 2023/2024 katika fani za kipaumbele, afya na mifugo zikiwemo, ni hatua inayowafaa sana mabinti hawa, lakini vijijini bado haijulikani. Wengi wanaamini mkopo ni wa chuo kikuu tu.

Sasa tuseme kuhusu uchaguzi wa masomo, maana fedha yote hii inaweza kumwagika kwa kosa la siku moja. Mabinti wa wafugaji wakiulizwa wanataka kuwa nani, wengi husema nesi. Wameona mama zao wakijifungulia safarini kwenda zahanati, na wanajua thamani ya muuguzi anayesema Kimaa. Lakini kusoma uuguzi au utabibu kunahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, na ndani ya hayo manne lazima kuwe na Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mwisho wa kidato cha pili, wakati wa kuchagua, binti huyohuyo anaacha Fizikia. Anaiacha kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia, au kwa sababu dada wa mwaka juzi alipata F, au kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba D moja ya Fizikia ni ufunguo wa kozi anayoitaka. Miaka miwili baadaye ana B ya Baiolojia, C ya Kemia, na mlango umefungwa.

Kwa hiyo mazungumzo ya kazi yafanyike kidato cha pili, Septemba, kabla ya mtihani wa upimaji. Kikao cha saa mbili kinatosha. Ubaoni yaandikwe majina ya kozi kumi zinazopatikana vyuo vya serikali, na mbele ya kila moja masomo inayodai. Kila binti aandike kozi tatu anazozitaka, kisha achague masomo kwa kuangalia orodha ile. Mfano mmoja ambao hautajwi vya kutosha ni mifugo. Vyuo vya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kama Tengeru na Mpwapwa vinafundisha afya ya mifugo, na binti aliyekua akimtambua ng'ombe mwenye ndigana kali kwa tezi na macho kabla hajajua kusoma anaanza kozi hiyo akiwa mbele ya wenzake. Anaporudi kwao akiwa afisa mifugo, wazee wanamsikiliza, kwa sababu anaokoa kile wanachokithamini. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ipewe kipaumbele cha ajira mpya, na mpaka apatikane, halmashauri imlipe mwalimu wa kujitolea. Tunajua wapo wahitimu wengi wa ualimu wa sayansi wanaosubiri ajira.

Kuhusu hosteli zenyewe. Wakati wa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, na hilo lilihitajika. Lakini katika wilaya ambako binti hutembea kilomita 15 au 20 kufika shule ya kata, darasa bila bweni ni nusu ya shule. Wazazi na wafadhili wamejenga hosteli nyingi kwa nguvu zao, na kwa kuwa shule hizo zimesajiliwa kama za kutwa, serikali haipeleki chakula. Mzigo wote ni wa mzazi.

Hesabu ya chakula ni hii. Uji wa asubuhi, ugali wa mchana na wa jioni, binti mmoja anakula takriban gramu 600 za unga kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 116. Maharage gramu 150 kwa siku ni kilo 29. Hosteli ya mabinti 80 inahitaji basi magunia 93 ya unga na 23 ya maharage kwa mwaka, kila gunia kilo 100, bila kuhesabu mafuta, chumvi, kuni na mshahara wa mpishi. Kinachoharibika ni majira. Michango hudaiwa Januari. Mvua za vuli zikikosa, Januari ng'ombe amekonda, na mfugaji anayelazimika kuuza mtamba wakati huo anapata bei ya hasara. Akingoja Juni baada ya masika, mnyama yuleyule amenona na anauzika vizuri. Ukame wa mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 ulitufundisha zaidi: ng'ombe walikufa kwa maelfu, na hosteli zikabaki na wanafunzi wasio na michango. Chakula kilipoisha, walimu wakuu waliwarudisha mabinti nyumbani "mpaka mchango upatikane", na kumrudisha nyumbani binti wa miaka 16 katika mwaka wa njaa ni kumkabidhi kwa posa.

Tunaomba mambo mawili. Hosteli za shule za kata katika wilaya za wafugaji zitambuliwe rasmi ili zipokee fedha ya chakula kama bweni la serikali. Na mpaka hapo, bodi za shule ziruhusiwe kununua mahindi Julai na Agosti, wakati wa mavuno, kwa mkopo wa halmashauri, na wazazi walipe baada ya minada ya Juni na Julai. Kumfukuza binti hosteli kwa sababu ya mchango kukatazwe kwa waraka.

Fomu ya kujiunga nayo inahitaji kuangaliwa. Godoro, shuka mbili, blanketi, ndoo, tranka, sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, mkebe wa hesabu, kamusi, rimu ya karatasi, jembe, fagio. Ada sifuri, lakini vitu hivi vikipigiwa hesabu vinamzidi mzazi mwenye watoto wawili shuleni. Godoro na tranka viwe mali ya hosteli, vihesabiwe na kubaki pale kwa mwaka unaofuata. Rimu, jembe na fagio viondolewe.

Mlezi wa hosteli mara nyingi ni mwalimu mwenye vipindi 25 kwa wiki anayelala na wanafunzi bila posho. Akiugua au akihamishwa, hakuna mtu mzima usiku. Tunaomba ikama ya watumishi imtambue mlezi wa kike wa kudumu na mlinzi mmoja kwa kila hosteli. Vyoo viwe ndani ya uzio, tundu moja kwa mabinti 20 kama mwongozo unavyosema, vyenye komeo la ndani, ndoo ya maji na kichomea taulo za kike. Taulo zenyewe zinunuliwe kwa ruzuku ya uendeshaji: pakiti mbili kwa kila binti kwa mwezi, zigawiwe na mlezi bila kuandikisha majina ubaoni. Na taa za sola zifike hadi chooni, si kwenye chumba cha prepo, yaani kujisomea usiku, peke yake.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliwaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni ndani ya miaka miwili. Vijijini unatekelezwa nusu. Binti anarudi, lakini hosteli haipokei mtoto, na mama mkwe au mama mzazi hakubali kubaki na kichanga msimu wa kuhama. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimeonyesha kwamba mama kijana anasoma vizuri penye chumba cha kulelea watoto, lakini vyuo hivyo ni 54 na halmashauri ni 184. Kwa kuanzia, hosteli moja katika kila wilaya ya wafugaji ipewe chumba hicho na mlezi wake. Miaka miwili nayo ni mifupi kwa binti aliyepelekwa mbali na kwao. Tunaomba muda huo uwe mitano.

Jambo la mwisho lina tarehe yake, nalo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao watamaliza darasa la saba. Januari 2028 mikondo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Mipango tunayoisikia wilayani ni ya madarasa na madawati. Mabweni hayatajwi. Na mabinti wa darasa la sita watakuja wakiwa na miaka 12 hivi, wengine pungufu, wakitakiwa kuishi mbali na mama zao katika hosteli ambazo leo hazina mlezi wa usiku. Wazazi wa Kihadzabe na Kibarabaig tayari husita kuwaachia watoto wadogo bweni, na watoto wenyewe hutoroka kurudi kwao wanapokosa chakula au mtu wa lugha yao. Mwaka 2028 watasita wengi zaidi.

Bweni la mabinti 80 halijengwi kwa miezi miwili. Eneo linahitaji hati ya kijiji, maji yanahitaji kisima au tangi la kuvuna mvua, na mafundi wa wilaya hizi ni haohao wanaogombaniwa na kila mradi. Kwa hiyo tunaomba kila halmashauri tuliyoitaja ihesabu wasichana walioko sasa katika madarasa yatakayoingia kidato cha kwanza Januari 2028, wale wanaoishi zaidi ya kilomita tano kutoka sekondari ya kata, na ipeleke idadi ya vitanda vinavyohitajika TAMISEMI kabla ya vikao vya bajeti inayofuata. Hesabu hiyo walimu wakuu wanaweza kuikamilisha kwa wiki mbili, kutoka kwenye PREM na kwa kuwauliza wenyeviti wa vitongoji. Fomu ya kukusanyia takwimu hizo tumeiandaa, ina kurasa mbili, na tuko tayari kuikabidhi kwa ofisa elimu yeyote atakayeihitaji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu, walezi wa hosteli na maafisa maendeleo ya jamii
Wilaya za wafugaji, mikoa ya Arusha na Manyara